Kafyu ilinirudisha nyumbani mapema, nikajikuta mgeni

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwajua wanangu kwa urefu wao kitandani. Nikitoka nyumbani Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa, saa kumi na moja na nusu alfajiri, wamelala. Nikirudi saa tatu usiku, wamelala. Kwamba wanakua niliona kwa miguu tu, inavyokaribia ukingo wa kitanda. Wala sikuona ajabu. Baba yangu naye alikuwa kuli bandarini, na sisi tulimjua zaidi kwa kikohozi chake usiku akipita kwenda msalani kuoga.

Ikaja Machi 2020. Tarehe 13 waziri wa afya, Mutahi Kagwe, akatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe. Tarehe 27 ikaanza kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na kuanzia tarehe 8 Aprili kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Kampuni ya uwakala wa forodha ninayoifanyia kazi ikaona heri tufunge saa nane mchana kuliko tukwame kivukoni. Nikawa nafika nyumbani saa kumi. Saa kumi alasiri! Sikuwa nimewahi kuliona jua la saa hiyo likiingia sebuleni kwangu. Nilidhani kuta zetu ni nyeupe, kumbe mama watoto alikwishazipaka rangi ya krimu mwaka mzima uliopita, na mimi ndiye niliyetoa pesa za rangi.

Tangu hapo nimewasikia watu wengi, arusini na matangani, wakisema kwamba korona pamoja na mabaya yake ilitupa zawadi ya kukaa na familia. Nimeyasema hayo hata mimi. Ila kila nikiyarudia, ulimi unanikwama. Ugonjwa ulioua watu, ukafunga maduka na kuwafukuza watu kazini hauna mkono wa kutoa zawadi. Siku ilikuwa na saa 24 kabla ya Machi na ikabaki na saa 24 baada yake. Waliokuwa wakizichukua saa hizo ndio waliozuiwa kwa miezi kadhaa, na kwa wengine wetu ile ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kuwatambua sura. Mmoja wao, kwa aibu, ni mimi mwenyewe. Nitafika kwake.

Siku mbili za mwanzo nilikaa kwenye kochi kama mtu aliyekuja kuposa. Nauliza sukari inawekwa wapi. Nauliza huyu mtoto anayeingia bila hodi ni wa nani, naambiwa ni wa jirani wa chini, huja kila siku tangu hajajua kusema. Nikimwita kijana wangu wa miaka kumi anaitika kwa adabu, "Labeka baba," kisha anasimama kungoja nimtume, maana kwake yeye baba akiita ni kwa ajili ya kutuma. Hakujua kwamba nilikuwa nataka kuongea. Na mimi, kusema kweli, sikujua tuongee nini.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi ni wapangaji, shamba hatuna. Siku ya tatu mama watoto akanisukumia mbuzi.

Nilimkalia yule mbuzi kwa upande, kama nilivyokuwa nikimwona marehemu mamangu. Nazi nilikwisha kuivunja vibaya, kizio kimoja kikubwa kuliko kingine, na maji yote yamekwenda sakafuni. Nikakuna kwa nguvu za mtu anayetazamwa. Binti yangu, aliyekuwa kidato cha pili wakati huo, alivumilia dakika mbili tatu, halafu akachuchumaa mbele yangu. "Baba, unakuna mpaka kifuu. Izungushe nazi polepole, uanzie ukingoni uingie ndani, ukiona nyama imekuwa nyembamba uache." Alikuwa akinielekeza kwa sauti ya upole sana, ile sauti ya kumfundisha mtoto mdogo kufunga viatu. Tui la siku ile lilitoka na rangi ya maji ya mfereji baada ya mvua. Mbaazi zikaiva za kijivu. Tulizila na mahamri kimya kimya, hakuna aliyelalamika, ila kijana wangu aliuliza kama zimeungua.

Kufikia Mei nilikuwa natofautisha tui la kwanza na la pili kwa kugusa tu, na najua kwamba lile zito halitiwi mapema. Nayaandika haya bila majivuno, kwa sababu kuna siku nilijivuna mbele ya wageni, nikisema miezi ile ilikuwa raha tupu, tulikaa pamoja, tukapika pamoja. Mama watoto akanikata hapo hapo: "Wewe ulipata likizo. Mimi nilipata wageni watatu wasioaga."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Baadaye nilikaa nikaipigia hesabu kauli yake, na naomba msomaji aipige pamoja nami. Kabla ya Machi, saa mbili asubuhi nyumba ilikuwa tupu na cherehani ilikuwa yake mpaka adhuhuri. Alikuwa akishona magauni ya arusi, na biashara ilikuwa ikienda. Mikusanyiko ilipopigwa marufuku arusi zikasita, na wateja wakaja kuomba warudishiwe malipo ya kwanza. Hapo hapo, badala ya kupika mara moja kwa siku akawa anapika mara tatu, kwa watu wanne, katika jiko la mtu mmoja. Kijana alikuwa anahitaji kusimamiwa masomo ya redioni. Maji yalikuwa yanakatika, na mikono ilitakiwa ioshwe kila saa. Nilipokuja kumuuliza anaukumbukaje mwaka ule, hakutaja kafyu wala barakoa. Alitaja sufuria. Katika nyumba hiyo hiyo, kwa miezi hiyo hiyo, mimi nilikuwa nikipewa muda na yeye alikuwa akinyang'anywa. Kwa hiyo mwanamume anapoandika kwamba familia yake ilifurahia kufungiwa ndani, swali langu la kwanza siku hizi ni nani aliyekuwa akiosha vyombo.

Kuna na wale ambao kukaa pamoja kwao kulikuwa hatari yenyewe. Mwanzoni mwa Aprili 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alisema kesi za dhuluma za kingono zimeongezeka sana, na kwamba baadhi ya watuhumiwa walikuwa jamaa wa karibu au watu wanaoishi na waathiriwa. Julai ilipofika Rais mwenyewe akaagiza uchunguzi juu ya dhuluma za majumbani. Mathare, usiku wa 30 Machi, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Alikuwa nyumbani, pamoja na familia, saa za kafyu, kama ilivyoamriwa. Na hapa kwetu, siku ya kwanza kabisa ya kafyu, abiria waliokuwa wakiwahi feri ya Likoni walirushiwa vitoa machozi na kuchapwa kabla hata saa moja haijafika. Mimi nilikuwa nimevuka mchana nikaiona kwenye simu, nikiwa kwenye kochi, na chai mkononi. Rais aliomba radhi siku chache baadaye. Sitaki mtu asome makala haya akadhani nimesahau kwamba amri iliyonipa mimi magharibi na wanangu iliwapa wengine rungu.

Jirani yangu alikuwa mhudumu wa hoteli Diani. Wageni walipoacha kuja alirudishwa nyumbani bila mshahara, na kwa wiki za kwanza tulimwona chini ya mwarobaini akicheza na watoto wake wote wanne, tukamsifu. Mei alikuwa hatoki tena. Siku moja nilimpelekea unga, nikamwambia kwa kumliwaza kwamba angalau yuko na watoto. Akanijibu, "Muda ninao, ndugu yangu. Ni wao kunitazama ndiko kunakonimaliza." Muda wa kukaa na mtoto wako huku mshahara unaingia, na muda wa kukaa naye huku mtungi wa unga umekauka, ni vitu viwili ambavyo lugha yetu imeviita kwa jina moja tu. Mimi nilikuwa nalipwa, japo nusu. Hiyo nusu ndiyo iliyokuwa furaha yangu. Bila hiyo nisingeona rangi ya kuta.

Sasa nije kwa binti.

Alikuwa bweni, shule ya bara, safari ya usiku mzima kwa basi. Tulijivuna alipoitwa huko, tukachinja. Shule za bweni ziliamriwa kufungwa ifikapo tarehe 18 Machi, akafika na sanduku lake la bati, godoro limefungwa kwa kamba, akalala siku mbili. Masomo yalipoanza kurushwa kwenye televisheni, nikaona anakaa futi moja kutoka kwenye kioo. Nikamkaripia kama tunavyokaripia watoto: utaharibu macho. Akarudi nyuma kwenye kochi, na hapo nikamwona akikunja uso, jicho moja amelifumba, shingo ameinyoosha. Nikamwambia asome saa ya ukutani. Hakuweza. Saa ile iko hatua tano kutoka pale alipokuwa amekaa.

Daktari wa macho alisema haoni mbali, na kwamba hali hiyo haikuanza jana. Shuleni, binti akatueleza, alikuwa akinakili kutoka kwenye daftari la mwenzake wa kando, maana ubaoni aliona ukungu. Nikazitafuta ripoti zake. Hisabati zilikuwa zinashuka muhula kwa muhula, na mbele yake mwalimu ameandika aongeze bidii. Chini ya kila ripoti ipo sahihi ya mzazi, yangu, kwa kalamu ya ofisini.

Sikutaka kumlaumu mwalimu mwenye darasa la watoto sitini. Nilichofanya ni kuchukua kalenda. Mwaka wa kawaida wa masomo wa Kenya una wiki 39 za shule. Zinabaki 13 za likizo. Mtoto anayesoma bweni miaka minne ya sekondari atakuwa nyumbani kwa jumla ya wiki 52. Yaani kati ya miaka minne, mwaka mmoja. Na katika mwaka huo mmoja ondoa siku za kwenda kwa bibi, siku za madrasa, siku za masomo ya ziada, halafu ondoa saa zote ambazo baba hayupo. Nilifika mahali nikaweka kalamu chini. Kutoka siku aliyorudi Machi hadi shule zilipofunguliwa kwa wote tarehe 4 Januari 2021 zilipita takriban wiki 42. Kwa mkupuo mmoja nilikuwa nimepewa zaidi ya miaka mitatu ya likizo zake. Katika muda huo niligundua kwamba mwanangu haoni. Swali linaloniumiza ni wangapi hawakugundua, na ningegundua lini mimi kama shule zisingefungwa. Pengine arusini kwake, akisalimia mtu siye.

Bweni kwetu lina heshima ya zamani. Lilianza na shule za misheni na za serikali ya kikoloni, likabaki kuwa cheti cha mzazi aliyefanikiwa, na hoja zake tunazijua: mtoto atasoma bila kusumbuliwa, atajifunza kujitegemea, atachanganyika na makabila mengine. Baadhi ni za kweli. Lakini ipo hoja moja tusiyoisema hadharani. Mzazi anayeondoka alfajiri na kurudi usiku hana mtu wa kumwachia kijana wa miaka 14, na bweni ni mlezi wa kulipwa. Kivuko kinachukua jioni ya baba, kazi inachukua jioni ya mama, na mtoto anapelekwa mahali ambapo jioni yake itasimamiwa na kengele. Mwishoni mwa 2022 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba mabweni hadi gredi ya 9 yatafungwa, ili watoto wadogo wakae na wazazi. Kelele zilizofuata zilihusu majengo, ada na mikopo ya wenye shule. Sikumsikia mtu akiuliza hao wazazi watakuwa nyumbani saa ngapi.

Nao muda wenyewe, watoto walilipishwa. Shule ziliporudi, ratiba ilibanwa ili mihula iliyopotea ifidiwe, na likizo zikafupishwa mpaka Januari 2023 kalenda ilipokaa sawa. Binti yangu alimaliza kidato cha nne Desemba 2022. Miaka yake miwili ya mwisho alikuja nyumbani kama abiria anayebadilisha basi: anafua, analala, anaondoka. Wiki zile 42 hazikuwa zawadi hata kwa maana ya kawaida. Ulikuwa mkopo, na riba yake alilipa yeye.

Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwishoni mwa Aprili, misikiti imefungwa. Mimi ni mtu wa safu ya tatu. Maisha yangu yote nimeswali nyuma ya mtu mwingine, nikiitikia amina. Usiku wa kwanza tulitandika mikeka miwili sebuleni, tukasogeza kochi, na wote wakanitazama. Nikasimama mbele. Katika rakaa ya pili, nikisoma sura niliyoijua tangu utotoni, nikaruka aya. Nyuma yangu ikasikika sauti nyembamba ya kijana wangu, bila kusita, ikinikumbusha aya niliyoiacha. Kidesturi ndivyo inavyotakiwa, imamu akikosea anakumbushwa. Nikairudia, tukaendelea. Tulipotoa salamu hakusema kitu na mimi sikusema kitu, lakini nilijua kwamba ada ya madrasa niliyokuwa nikiituma kila mwezi kwa simu ilikuwa na sauti, na sauti hiyo sikuwa nimewahi kuisikia. Tulikwenda hivyo usiku thelathini. Kuanzia usiku wa kumi nilimweka yeye mbele mara moja moja, na nikarudi safu yangu.

Dada yangu ameolewa Tanga. Kule hapakuwa na kafyu, shule tu zilifungwa Machi na kufunguliwa mwisho wa Juni. Tarehe 16 Mei Kenya ilifunga mpaka na Tanzania kwa watu, ikaacha malori ya mizigo. Idi tukaisherehekea kwa simu ya video, yeye Tanga na sisi Likoni, mwendo wa saa chache kwa gari. Tuwe wakweli hapo: amri ile ile iliyotukutanisha wanne chini ya dari moja iliwatenganisha wengine wengi. Familia ya Kenya haikai mahali pamoja. Baba yuko Nairobi, mama na watoto wadogo wako shamba Kakamega au Makueni, kaka yuko Doha, na bibi yuko peke yake. Nairobi ilipofungwa mwanzoni mwa Aprili hadi tarehe 7 Julai, maelfu ya wanaume walibaki vyumbani Kawangware na Pipeline na kutuma pesa za unga, na hiyo miezi mitatu kwao haikuwa muda wa familia hata kidogo. Kwamba waandishi wengi wa simulizi tamu za kufungiwa ni watu wa familia iliyokaa nyumba moja, yenye vyumba zaidi ya kimoja, si jambo la bahati.

Nilisema nitafika kwangu mwenyewe.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikilaumu feri. Ni lawama nyepesi, kila mtu wa Likoni anakubaliana nayo kabla hujamaliza sentensi. Kivuko kinachobeba watu wapatao 300,000 kwa siku lazima kile saa za watu. Na ni kweli kwamba serikali ilipoona msongamano ule ni hatari wakati wa korona, daraja la kuelea la waenda kwa miguu, urefu wa kilomita 1.2, lilijengwa kati ya Liwatoni na Ras Bofu kwa miezi michache tu na kufunguliwa mwanzoni mwa 2021. Tulikuwa tumeambiwa kwa miongo kwamba daraja ni jambo gumu. Kumbe ugumu mwingine hutegemea nani anaogopa nini.

Lakini siku moja ya Juni nilichukua karatasi, nikaandika siku yangu ya zamani saa kwa saa. Kazini natoka saa kumi na moja jioni. Foleni na feri, tuseme saa moja na nusu siku mbaya. Hiyo ni saa kumi na mbili na nusu, adhana ya magharibi. Nami nilikuwa nikifika nyumbani saa tatu. Saa mbili na nusu zilikwenda wapi? Nilizijua zilikokwenda. Zilikwenda barazani, kwenye kahawa tungu na kashata, kwenye siasa za Mombasa ambazo hazijawahi kubadilika kwa sababu ya neno langu, kwenye bao. Siwasemi vibaya wenzangu wa barazani, ni watu wema, wamenizikia wazazi. Ila saa mbili na nusu, siku sita kwa wiki, zilikuwa zangu za kutoa na nilizitoa kwa wao.

Wala si mara ya kwanza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa baba wiki mbili za likizo mtoto anapozaliwa. Kijana wangu alipozaliwa nilikaa siku nne, nikarudi kazini. Niliwaambia watu kuna meli imefika. Meli hufika kila siku.

Ushahidi mkubwa dhidi yangu ulitoka kwenye kafyu yenyewe. Tarehe 7 Juni 2020 iliregezwa, ikawa inaanza saa tatu usiku. Serikali iliniongezea saa mbili za jioni. Wiki ya kwanza bado nilikuwa nafika nyumbani kabla ya magharibi, na mbuzi ananingoja. Wiki ya pili nikasema nipite barazani niwasalimie tu. Kabla ya Julai kwisha nilikuwa nafika saa tatu kasoro dakika tano, nikikimbia ngazi, ninahema kama mtoto mtoro. Mwisho wa Septemba kafyu ikasogea hadi saa tano. Nami nikasogea nayo. Tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa, ikaondolewa kabisa, watu wakashangilia mitaani, na mimi nilikuwa miongoni mwao, barazani, kikombe mkononi. Zile saa nilizozililia kwamba nilizipata kwa bahati, nilizirudisha moja moja kwa hiari yangu kadiri nilivyoruhusiwa. Kwa hiyo nikisema "nilifurahia muda na familia," ni kweli. Lakini mtu huru anayefurahia kitu hukifuata, na mimi nilihitaji askari mlangoni.

Mama watoto yeye hakushangaa. Alirudi kwenye cherehani yake, arusi zikarudi, na nadhani, japo hajawahi kusema, kwamba alifurahi kuipata tena asubuhi yake tupu. Mbuzi tumemtundika nyuma ya mlango wa jikoni. Nazi siku hizi tunakuniwa dukani kwa mashine, shilingi chache juu ya bei.

Yule kijana wa mkeka alikuwa gredi ya 4 mwaka 2020, lile kundi la kwanza la mtaala mpya, waliorudi shule tarehe 12 Oktoba kabla ya wenzao. Mwaka jana alikuwa gredi ya 9, na ikaja fomu ya kuchagua shule za upili, bweni au kutwa. Tuliikalia usiku mmoja, watu watatu na fomu moja, binti yuko chuoni akichangia kwa simu. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hesabu yangu ya wiki 13, nilikuwa na kisa cha miwani, nilikuwa na kila kitu. Nikamwambia mwanangu, safari hii nataka usome kutwa, ulale nyumbani, tuwe tunaonana.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ile ile. Kisha akaitazama saa ya ukutani, ambayo ilikuwa inakaribia saa nne, na mimi nilikuwa bado sijavua viatu.

"Sawa baba," akasema. "Nikae nyumbani na nani?"